Mstari wa Mlango wa Mwisho

Sentensi ilikuwa imezidi kisanduku kwa neno moja. Mfasiri alifuta "ndani", akaitazama sentensi, akalirudisha, kisha akafuta "tafadhali". Ikabaki: Karibu ndani. Vua viatu, sakafu haijakauka. Akaipima kwa macho, akaona imeenea, na kabla hajashukia mstari unaofuata akaisikia sentensi ileile kutoka sebuleni, kwa sauti ya baba yake.

"Karibu ndani tafadhali," Baba alisoma polepole, kama mtu anayesoma barua aliyoandikiwa yeye peke yake. "Vua viatu, sakafu haijakauka."

Kisha kicheko kidogo cha puani. Kisha vidole vikaanza kugonga vitufe. Alikuwa anatoka nje ya ile nyumba ya kwenye kioo cha kompyuta ili aingie tena, akaribishwe tena.

Mfasiri aliondoa mikono kwenye kibodi, akaiweka mapajani. Kazi yake ilikuwa kutia katika Kiswahili maandishi ya michezo ya kompyuta: maonyo, maelekezo, maneno ya watu wa mchezoni. Michezo yenyewe mara nyingi alikuwa haioni. Kampuni ilimletea jedwali, upande mmoja maneno ya lugha ya awali, upande wa pili nafasi tupu, na mistari yenyewe imechanganywa kama karata, ya mwisho juu, ya kwanza katikati. Hakuambiwa anayesema amesimama wapi wala uso wake ukoje. Safari hii aliambiwa tu kwamba anayesema anaitwa Mwenyeji, ni mwanamke, ni mzee.

Mwanamke mzee anayemwambia mtu avue viatu, ale kwanza, asikae kwenye upepo, mfasiri alimjua mmoja tu, na huyo walikuwa wamemzika mwanzoni mwa mwaka. Hakukaa chini akaamua kumtia mama yake katika mchezo wa watu. Vidole ndivyo vilivyoamua. Pale lugha ya awali iliposema tu kwamba mgeni amechelewa, yeye aliandika: Leo umekumbuka kama una nyumba, bwana mkubwa? Pale iliposema kuna chakula mezani, aliandika: Kula kikiwa cha moto, maneno baadaye. Siku zile kazi ilimwendea vizuri kuliko kawaida. Alikuwa anaamka na hamu ya kukaa mezani.

Kisha mume wake, ambaye ni fundi wa simu na hashindwi na kitu chenye waya, alipakua toleo la majaribio akaliweka kwenye kompyuta kubwa ya sebuleni, ili mkewe aone kama maneno yanaenea kwenye visanduku. Walikaa wawili wakatazama. Kumbe ile nyumba ilikuwa ya kutisha. Kumbe Mwenyeji alikuwa maiti, na alikuwa akimvuta mgeni mlango kwa mlango hadi chumba cha mwisho, na kilicholowesha sakafu hakikuwa maji. Mfasiri alipoyaona maneno ya mama yake yakijiandika chini ya lile jumba, herufi moja baada ya nyingine, na sauti ya pumzi ikisikika nyuma yake, alisimama akaenda kunywa maji jikoni.

Baba alipita kutafuta miwani yake. Akasoma mstari mmoja. Akavuta kiti. Tangu hapo hakukiachia.

*

"Mzee, hujachoka?" Fundi aliuliza asubuhi hiyo, akiwa amejikunja sakafuni na simu ya mtu iliyofunguliwa mgongo.

"Nichoke nini? Nimekaa tu."

"Mchezo wenyewe huchezi. Unasimama mlangoni."

"Natazama kuta." Baba alisogeza uso karibu na kioo. Alikuwa amepaka rangi nyumba za watu maisha yake yote, na mtaani walimwita Brashi hata watoto wasiojua kwa nini. "Hebu ona hapa. Wamepaka juu ya unyevu. Na hii nyekundu ya chini wameimwaga bila hata kutandaza gazeti. Mafundi wa siku hizi hawana aibu."

"Hiyo ni damu, Mzee."

"Najua ni damu. Ndiyo wasitandaze gazeti?"

Fundi alicheka mpaka bisibisi ikamponyoka. Mfasiri, aliyesimama kwenye kizingiti, hakucheka. Aliona sahani ya jana usiku kando ya kibodi, imeliwa nusu. Baba alikuwa ameanza kula palepale, akiinua macho kila baada ya tonge kama mtu aliye mezani na mwenzake.

Chumba cha mwisho alikuwa hajawahi kukiingia. Alikuwa anafika kwenye mlango wake, anasimama, kisha anageuza na kurudi nje.

*

Kikao cha kazi kilikuwa kwa simu, wafasiri wa lugha zote pamoja, kila mmoja akiwa nyumbani kwake, wakizungumza ile lugha ya kazi wanayoelewana wote. Msimamizi alikuwa na sauti ya mtu aliyekwisha lala vizuri.

"Kiswahili," alisema ilipofika zamu ya mfasiri. Hakuwa na tabia ya kuwaita kwa majina. "Wachezaji wa majaribio wa lugha nyingine wakisoma maneno ya mlango wa kwanza wanakimbia. Wa kwako wanasimama. Mmoja alisimama mpaka tukadhani kompyuta imekwama. Tulipomuuliza, akasema alikuwa anamsikiliza bibi."

Mtu mmoja akacheka, kisha kicheko kikakatika ghafla, kama mtu aliyekumbuka kuzima kipaza sauti.

"Nikapitisha mistari yako kwenye mashine ya kutafsiri, nikairudisha kwenye lugha yetu. Nisome? 'Leo umekumbuka kama una nyumba.' Hatukuandika hivyo. Nani ameandika hivyo?"

"Mimi."

"Na huyu bwana mkubwa ni nani? Mchezoni hakuna bwana mkubwa."

Sebuleni Baba alikohoa. Mfasiri alivuta mlango wa chumba kwa mguu. "Ni namna ya kusema tu."

"Sikiliza. Huyu mwanamke ni mfu. Anataka kuwala watu. Wewe umemfanya awapikie."

Safari hii walicheka kadhaa, na hakuna aliyekumbuka kuzima kitu. Mfasiri naye akatoa sauti inayofanana na kicheko, kwa sababu kunyamaza kungekuwa kubaya zaidi. Masikio yalikuwa yanamwaka.

"Rudia mistari yote ya Mwenyeji. Iwe mikavu, iwe baridi. Na ule wa mlango wa mwisho umeuacha wazi. Wenzako wote wameujaza, wewe unangoja nini? Ni maneno machache mno."

"Nitaujaza."

"Kesho kabla ya saa sita mchana. Nisipoiona, nampa mtu mwingine, na mchezo unaofuata atachukua huyohuyo. Sikutishi. Ni kazi."

*

Jikoni, Fundi alikuwa anaosha vyombo. Tangu kibanda chake kivunjwe ili barabara ipanuliwe, alikuwa anatengeneza simu za majirani pale nyumbani, na wengi walilipa kwa ahadi. Kilichokuwa kinaingia kwa uhakika kilitoka kwenye kibodi ya mkewe. Hata mwenye nyumba alijua. Siku hizi aliwasalimia kwa kirefu, akiulizia afya ya kila mtu mmoja mmoja, kisha anasimama tu akitabasamu, akingoja wao wenyewe waanze kutaja kodi.

"Wamesema nini?"

"Wamesema Mama awe mkavu."

Fundi aliacha kusugua sufuria. "Wamesema Mwenyeji awe mkavu. Usichanganye."

"Nimeshachanganya, Fundi. Ndiyo shida yenyewe."

"Basi tenganisha. Ni mchezo, mwenzangu. Watu wanataka kuogopeshwa, waogopeshe."

"Na yule pale?" Alionyesha sebuleni kwa kidevu. "Kesho nikituma, ataingia mlangoni na kuambiwa nini?"

Fundi alishusha sauti. "Ningemwachia toleo la zamani. Lakini nimeangalia. Likitoka jipya, la zamani linajifunga lenyewe. Wamelitengeneza hivyo watu wasiibe."

Walisikia vitufe. Kisha Baba akisoma: "Leo umekumbuka kama una nyumba, bwana mkubwa?" Na kwa sauti ya chini zaidi, sauti yake mwenyewe: "Foleni, mama watoto. Foleni tu."

Wote wawili wakatazama chini.

"Ule wa mwisho unauchelewesha kwa nini?" Fundi aliuliza.

"Unajua kwa nini."

Alijua. Siku ile hospitali, mama alilalamika miguu inapata baridi, na Baba akaenda nyumbani kumletea soksi. Aliporudi alikuta kitanda kimeshatandikwa. Alisimama pale na soksi mkononi mpaka muuguzi akamwondoa kwa kumshika kiwiko. Tangu siku hiyo hakuuliza hata mara moja mkewe alisema nini mwishoni, na binti, aliyekuwepo, hakumwambia.

"Anafika kwenye ule mlango anageuka," mfasiri alisema. "Anajiandaa. Siku atakayoingia, nitakachokuwa nimeandika pale ndicho atakachoondoka nacho. Niandike nini mimi? Niandike awe baridi? Au niandike uongo mtamu, nao waniachishe kazi?"

Fundi aliendelea kusugua sufuria ambayo ilikwisha takata.

*

Alikuwa amerudia mistari miwili tu alasiri hiyo, na yote miwili alikuwa ameifuta, Baba alipomwita. Hakupaza sauti. Aliita kama watu wanavyoita wakiwa karibu na mtoto aliyelala.

"Mwanangu. Njoo kidogo."

Alimkuta amesimama mbele ya kompyuta, kiti kimesukumwa nyuma. Kwenye kioo hapakuwa tena na ukumbi wala ngazi. Palikuwa na chumba kidogo chenye kitanda, na mwanamke aliyekaa kwenye ukingo wake, amewapa mgongo. Chini yake palikuwa na maandishi, si ya Kiswahili.

"Nimeingia," Baba alisema. "Nilisema leo nisigeuke. Amesema kitu, lakini sielewi. Kwa nini huku mwisho ameanza kunizungumzisha lugha ya watu?"

Mstari ukiachwa wazi, mchezo unachukua ule wa awali. Hilo mfasiri alilijua, lilikuwa jambo la kila siku la kazi, na bado halikumjia akilini hata mara moja.

"Bado sijautia, Baba. Ule nimeuacha."

"Unasemaje?"

"Unasema..." Aliinama karibu na kioo. "Hakuna anayekuja kukuchukua. Lala."

Baba alitikisa kichwa polepole, kama fundi aliyeonyeshwa rangi ambayo hakuiagiza. "Huyu siye."

"Siye, Baba. Ni wa mchezoni."

"Najua ni mchezo. Unaniona nimechanganyikiwa? Nyumba ya kuchora naijua, na nyumba ya tofali naijua." Alivua miwani. "Lakini yale mengine ni yake."

"Ni yake. Niliyaandika mimi."

"Ndiyo, nani mwingine angejua?" Alikaa. Mgongo wa yule mwanamke wa kwenye kioo ulikuwa unapanda na kushuka, unapanda na kushuka. "Mwanangu, siku ile ulikuwepo. Alisema nini?"

Fundi alikuwa amefika mlangoni na taulo begani.

Mfasiri alikuwa na maneno. Kuwawekea watu maneno mdomoni ndiyo iliyokuwa kazi yake, na hapo alipo mengi mazuri yalikuwa yamemjaa kinywani, yana urefu wa kuenea kisanduku chochote: kwamba alimtaja, kwamba alimshukuru, kwamba alisema asilie. Baba angeyapokea. Angeyabeba mpaka kaburini bila kuuliza.

"Alisema dirisha lifungwe," alisema. "Vumbi linaingia."

"Halafu?"

"Halafu basi. Nilikwenda kufunga. Nilipogeuka alikuwa ameshaondoka."

"Hakuniulizia."

"Hakukuulizia, Baba."

Baba aliitazama mikono yake. Katika mikunjo ya vidole bado kulikuwa na rangi nyeupe ambayo haikutoka tena, ya kazi za miaka mingi.

"Dirisha lipi? La kichwani kwake?"

"Hilohilo."

"Ulilifunga?"

"Sikuweza. Lilikwama."

"Halifungiki kwa kusukuma," Baba alisema. "Lile walilipaka rangi likiwa nusu wazi, fremu ikashika. Niliona siku ya kwanza tu tulipomlaza. Nikamwambia, lile likikusumbua usiwaambie wauguzi, watalivunja, niambie mimi." Aliinua mikono miwili hewani, viganja juu, akanyanyua kitu kisichokuwepo, taratibu, kisha akakisukuma mbele. "Lazima ulinyanyue kwanza. Hivi. Ndiyo linakuja."

Mikono ilibaki hapo hewani kitambo. Fundi aligeuka akatazama ukuta wa ukumbini, taulo limemfunika uso.

Baba alipoishusha, alicheka kile kicheko chake cha puani, na machozi yakateremka bila yeye kuyajali. "Vumbi," alisema. "Mpaka siku ile na vumbi. Ndiye. Huyo sasa ndiye."

*

Walipotulia, Baba ndiye aliyeanza.

"Kwa hiyo hao wenye mchezo wanataka huyu awe mbaya."

"Wanataka atishe. Kesho saa sita."

"Usipofanya?"

"Watampa mwingine. Na kazi nyingine zote."

Baba alitazama kuelekea dirishani, ambako kivuli cha mwenye nyumba kilikuwa kinapita kwa mara ya pili. "Mwacheni awe mbaya," alisema. "Nyumba yake, amekufa kivyake, atishe atakavyo. Lakini mama yako mtoe humo kwanza. Usimwache kwenye nyumba ya watu wasiomjua, na sakafu yenyewe ile."

Wakaifanya kazi hivyo. Mfasiri alileta kompyuta yake sebuleni, akaiweka kando ya kubwa. Baba alisoma kila mstari wa Mwenyeji kwa sauti, mara moja, mpaka mwisho, bila haraka. Akimaliza, anasema "haya", na binti anaufuta. Kisha wanakaa wakiangalia ile nafasi tupu kabla ya kuujaza.

"Kula kikiwa cha moto, maneno baadaye. Haya."

Akafuta. Akaandika: Chakula kiko mezani. Kinakungoja.

"Hilo linatisha?" Baba aliuliza.

"Kidogo."

"Toa 'chakula'. Sema tu meza inakungoja. Mtu ajiulize mwenyewe kitu gani kiko juu ya meza."

Mfasiri alimgeukia. "Baba!"

"Nini? Mama yako angeniambia hivyo ningelala kwa jirani." Na Fundi, aliyekuwa sakafuni na simu zake, akasema kwamba Mzee naye angefaa kuajiriwa na hiyo kampuni, na Mzee akasema wasingemweza kwa masharti yake, hafanyi kazi na watu wasiotandaza gazeti.

Walicheka, kisha wakarudi kwenye mistari. Kila mstari uliotoka ulifanya chumba kionekane kikubwa zaidi. Usikae kwenye upepo. Haya. Taa uiache, nitazima mimi. Haya. Kwenye ule wa bwana mkubwa Baba alisoma maneno mawili ya kwanza, akasimama, akaanza upya, akaufikisha. Lakini haya yake haikutoka. Alimgusa binti begani tu, na binti akafuta.

Mstari wa mlango wa mwisho ulikuwa rahisi kuliko yote. Aliuandika kama ulivyokuwa: Hakuna anayekuja kukuchukua. Lala. Hayakuwa maneno ya mtu yeyote anayemjua.

Jua lilikuwa limehama ukutani. Fundi aliinuka kwenda kuwasha jiko. Ulikuwa umebaki mstari mmoja.

"Karibu ndani," Baba alisoma. Safari hii hapakuwa na tafadhali, na mfasiri aliona ameliona hilo. "Vua viatu, sakafu haijakauka."

Alingoja aseme haya. Hakusema.

"Huu wao waliuandikaje?" Baba aliuliza hatimaye.

"Karibu hivihivi. Wao pia wametaja viatu na sakafu."

"Kwa hiyo mstari huu ni wao."

"Ni wao. Na ni wake."

Baba alifikiri, akikuna kidevu. "Unaweza kuukausha?"

"Naweza. Sijui bado kwa vipi."

"Uache ulale hapo leo. Kesho asubuhi tutaona ni wa nani."

"Kesho saa sita, Baba."

"Kabla ya saa sita mimi na wewe tutakuwa tumeshaamka."

Alinyosha mkono mwenyewe, akazima kompyuta kubwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu alipokivuta kile kiti. Kioo kikawa cheusi, na ndani yake wakaonekana wao wawili wamekaa. Kwenye kompyuta ndogo mstari ule ulikuwa bado uko wazi, kijiti cheupe kikiwaka na kuzima mwishoni mwake, kikingoja herufi.

Kutoka jikoni Fundi aliita kwamba chakula kiko tayari. Baba akainama, akafungua kamba za viatu vyake, kimoja, kisha cha pili, akavishika mkononi. Sakafu ilikuwa kavu tangu asubuhi. Akaivuka polepole kwa ncha za vidole, akishikilia ukuta, mpaka jikoni.